Chama cha wazazi katika shule ya kimataifa, Kampala: nyota nne kati ya tano

Wazazi wanaotafuta shule ya kimataifa hapa Kampala huuliza mtaala, bwawa la kuogelea, matokeo ya mitihani na ada. Nawaomba mwulize na hili: pesa zikipungua, chama cha wazazi kina nguvu gani? Shule wanakosoma wanangu sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko nayo na watoto bado wako pale. Ninachokitathmini ni chama chake, maana ndicho kilichonifanya nisiwahamishe.

Shule za namna hii zinaendeshwa kwa ada za dola, na wazazi wengi hawazitoi mfukoni mwao. Hulipiwa na mwajiri: ubalozi, shirika la misaada, mradi wa afya. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Uingereza nayo ikatangaza kwamba ifikapo 2027 misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, kwa hiyo niliyaona haya mapema: vyombo vya nyumbani vilivyozoea kuja vikaanza kutoka mitaa ya Muyenga na Bugolobi kwenda bandarini. Kila familia iliyofunga virago iliacha madawati mawili matatu matupu.

Muhula ulipofunguliwa tukaletewa barua. Basi la Ntinda na la Naguru yaunganishwe, maktaba ifungwe saa sita mchana, wasaidizi wa madarasa wapunguzwe, Kiswahili kibaki kipindi kimoja kwa wiki. Ada ileile.

Chama kilijibu kwa barua pia, kikaomba bajeti nzima, kasma kwa kasma. Uongozi ukatuma muhtasari wa ukurasa mmoja. Kamati ikasema haitachangisha hata shilingi mpaka hesabu zionekane, na hapo ikabidi zitolewe. Mweka hazina wetu ni mama wa Kiganda, mkaguzi wa hesabu kwa taaluma. Jumamosi ile ya mkutano alizionyesha ukutani na kuzisoma moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma wosia mbele ya warithi. Alipofika kwenye matangazo na bustani, mkurugenzi akaomba kasma hiyo irukwe kwa sababu ya muda. Mama akamjibu kwa adabu zote, "Tutaisoma, mheshimiwa, halafu tutaendelea." Akaisoma. Matangazo yakakatwa, na maktaba sasa iko wazi hadi watoto wanapoondoka. Kwa kazi hiyo peke yake nawapa nyota mbili.

Kiswahili ndicho kilichozua mjadala mrefu zaidi. Uongozi ulisema ni somo la Waafrika Mashariki wachache. Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi, akasimama. Alisema nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa miaka ya sabini, na watu walikiogopa. Lakini mjukuu wake atafanya kazi na Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu, na yeye hataki anyimwe. Wengine wakakumbusha kwamba Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kisha akasema mama mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo, aliyeingia Kampala baada ya mji wao kutekwa Januari 2025. Mwanawe hakuwa na Kiingereza. Kipindi cha Kiswahili ndicho pekee alichonyosha mkono.

Basi tukakubaliana kila familia ichangie shilingi 100,000 kwa mtoto kwa muhula, mwalimu arudishiwe vipindi vyake. Aliyepoteza kazi anazungumza na mweka hazina faragha, anasamehewa, na jina lake halitajwi popote. Nimelipa kwa moyo mweupe. Nilienda kuangalia darasa lenyewe nikakuta wamegeuza madawati kuwa soko la Nakawa: binti yangu anapigania bei ya mkungu wa matoke, na muuzaji, kijana wa Kikorea, hashuki hata kidogo. "Mama, mafuta yamepanda!" Mwalimu akamwacha aendelee, akasahihisha baadaye.

Usafiri ni wa wastani. Gari lililokodiwa na chama kwa upande wa Ntinda linafika kwa wakati; la Naguru hubadilisha dereva mara kwa mara na watoto huchelewa kipindi cha kwanza.

Nyota iliyopungua ni ya wasaidizi wa madarasa, na hapa sina simile. Kamati ilikubali waondolewe kwenye ajira ya kudumu na kulipwa kwa siku, ili masomo ya kuogelea yabaki. Mwajiri wa Uganda hutakiwa kumchangia mfanyakazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara, juu ya asilimia 5 anayokatwa mwenyewe. Hawa wetu hawachangiwi tena, na likizo ikifika hawana kitu. Msaidizi wa darasa la mwanangu mdogo anajua nani ana pumu na dawa yake iko mfuko upi wa begi. Anajua nani hajanywa chai asubuhi. Mama huyo alistahili kuokolewa kabla ya bwawa, nimelisema mkutanini na nimeliandikia barua.

Ukienda kutembezwa shule yoyote, omba kumbukumbu za mikutano ya chama cha wazazi, uzisome kabla ya kulipa amana. Ukiambiwa hazipo, au zimejaa bazaa na keki tu, tafuta kwingine. Suala la wasaidizi liko kwenye ajenda ya muhula ujao. Wakirudishiwa mikataba yao, nitakuja kuongeza nyota ya tano.