Miche ya parachichi kutoka kitaluni hadi shimoni: uzoefu wangu Njombe

Msimu uliopita niliagiza miche ya parachichi aina ya Hass, ya kubebeshwa (yaani kikonyo cha Hass kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine), kutoka kitalu kimoja cha hapa Njombe, shilingi 5,000 kwa mche, pamoja na huduma yao ya kuleta hadi shambani na fundi wa kuelekeza upandaji. Miche imeshapita kipindi cha baridi na inachipua vizuri, kwa hiyo sasa naweza kuisemea.

Kilichonifanya niridhike na pesa yangu ni yule fundi. Mzigo uliposhushwa hakuanza kusifia majani, ingawa yalikuwa mazito na ya kijani kilichokolea. Aliulaza mche mmoja ubavuni, akatoa wembe, akakata kitako cha kiriba, ule mfuko wa nailoni unaobeba mche na udongo wake, na kuniita nione. Ncha za mizizi zilikuwa nyeupe, zimesambaa kwenye udongo bila kubanana. Akachukua mwingine, mrefu kuupita ule wa kwanza, ambao mimi ningeuchagua mbele ya yote. Kitakoni mizizi ilikuwa imejiviringisha, mduara juu ya mduara, kwa kukaa muda mrefu kwenye kiriba. Huo aliurudisha kwenye gari pamoja na mingine ya namna hiyo, na kitalu kikaleta mbadala bila kudai nyongeza. Mizizi iliyozoea kuzunguka hivyo huendelea kuzunguka hata ardhini, na mti hudumaa miaka ya mbele wakati mkulima ameshasahau uliponunuliwa. Ndugu zangu, ukienda kununua miche usione aibu kuomba kiriba kimoja kikatwe.

Mashimo tulikuwa tumeyachimba mapema, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ambayo inakupa karibu miche 80 kwa ekari. Udongo wa juu tuliutenga, tukauchanganya na debe la samadi iliyooza kabisa, tukaurudisha shimoni na kuuacha utulie. Samadi mbichi huunguza mizizi. Na udongo usipotulia, mche huzama baadaye, na pale ulipobebeshwa panafukiwa.

Namna yenyewe ya kuutoa mche kwenye kiriba ndiyo niliyoifurahia zaidi, maana mizizi ya parachichi ni laini na haipendi kuguswaguswa. Miche ilimwagiliwa jana yake ili bonge la udongo lishikane. Inabebwa kwa kushika kiriba, kamwe si kwa kuvuta shina. Ukishakata kitako, unauweka mche shimoni ukiwa bado na kiriba chake, unafukia hadi nusu, kisha unachana ubavu kwa wembe na kuvuta nailoni taratibu kwenda juu. Bonge halipasuki, mizizi haijui kama imehamishwa. Halafu unamalizia kufukia na kushindilia kwa viganja tu, bila kukanyaga kwa buti.

Sehemu ya chini ya shamba langu hutuamisha maji masika. Fundi aliona hilo kabla sijamwambia, akataka huko tupande juu ya vituta vilivyoinuliwa. Yuko sahihi: parachichi likisimama kwenye maji, ugonjwa wa kuoza mizizi, ule wa vimelea vya Phytophthora, humaliza mti mzima, nao hauna tiba ya mkato. Miche ya huko bondeni leo haina tofauti na ya mlimani.

Matandazo ya nyasi kavu tuliyaweka umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kijiti kikasimikwa upande wa upepo, na shina likapakwa chokaa kulikinga na jua. Tulipanda mvua zilipoanza kushika, mwezi Desemba, ili mizizi iwe imejishika kabla ya baridi ya Juni na Julai. Wenyeji wa Njombe wanajua asubuhi ambazo nyasi huamka nyeupe.

Sasa manung'uniko yangu. Niliomba miche michache ya Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ichanganywe humo. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike na kurudi mchana wa siku ya pili likiwa dume. La Fuerte huwa jike mchana na dume asubuhi inayofuata, kwa hiyo miti hiyo husaidiana kuchavusha. Fuerte zilikuja kweli, lakini bila alama yoyote, katikati ya Hass, na fundi akazitenga kwa kukumbuka tu. Kwa mti utakaosimama shambani miongo kadhaa, na ambao unasubiri miaka mitatu au minne kuona mavuno ya maana, hilo halikubaliki. Pia nailoni ya pale pa kubebeshea ilikuwa haijafunguliwa kwenye miche mingi, na hakuna aliyetukumbusha. Mke wangu ndiye aliyeona inaanza kukata shina, tukazunguka shamba zima na wembe.

Nitaagiza kwao tena kwa ajili ya kipande kilichobaki. Nimeshawaambia kwa simu kwamba Fuerte zifungwe utepe wa rangi nyingine kabla ya kupakiwa, na kwamba fundi awe yule yule.