Siku Tatu Katika Ryokan ya Kyoto

Anayelala katika ryokan, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani ya mtindo wa zamani, hulipia chumba na chakula, na kwa maoni yangu hulipia pia malezi. Niliyofikia mimi iko Higashiyama, mashariki ya mji wa Kyoto.

Kuvua viatu mlangoni hakukunishangaza, kwani nimelelewa Mombasa. Kilichonishangaza ni kwamba hata ndala za ndani huachwa nje ya chumba, kwa kuwa mikeka ya tatami hukanyagwa kwa soksi au kwa miguu mitupu, na kwamba chooni mna ndala zake ambazo hazitoki humo. Siku ya kwanza nilitoka nazo hadi ukumbini. Mama mwenye nyumba, ambaye Wajapani humwita okami, hakusema neno. Alipiga magoti, akaniwekea zinazofaa mbele ya miguu yangu, kisha akainamisha kichwa. Ni yeye pia aliyenirekebishia yukata, lile joho jepesi la pamba, akaeleza kwa upole kwamba upande wa kushoto hulazwa juu ya ule wa kulia, kwa sababu kinyume chake ni mavazi ya maiti.

Katika bafu la pamoja watu huingia uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kuketi kwenye kigoda, kujisugua na kusuuza povu lote. Maji ya moto ya birikani ni ya kupumzikia tu. Kwa anayeona haya, kama mimi, lipo bafu la faragha, ila saa zake ni chache mno.

Lalamiko langu kubwa ni la jikoni. Niliwaarifu mapema kwamba situmii nguruwe wala pombe, lakini mchuzi wa samaki ulitiwa mirin, divai tamu ya mchele, nami nisingejua kama nisingeuliza. Mwislamu aitaje mirin kwa jina anapoagiza chumba. Okami aliomba radhi, akaniletea yudofu, yaani tofu (jibini ya maharage ya soya) iliyochemshwa kwa mwani, chakula ambacho Kyoto inasifika nacho, na kwa kweli kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyokula huko.

Asubuhi ya kuondoka niliacha bahashishi mezani. Okami alinifuata mlangoni, akanirudishia yote kwa mikono miwili, ikiwa ndani ya bahasha safi.