LibreOffice Writer na ukamilishaji wa maneno ya Kiswahili

Mtu anayepiga chapa Kiswahili kama kazi yake, iwe katika steshenari ya Mlandege au katika ofisi ya Chake Chake, hutumia sehemu kubwa ya siku kuandika maneno yale yale: utekelezaji, mwenyekiti, wajumbe, Wawakilishi, Mapinduzi. Programu inayoweza kumalizia maneno hayo kabla vidole havijayafikisha mwisho inastahili kutazamwa kwa makini, na kwa sababu hiyo nimeitumia LibreOffice Writer, programu ya kuandikia nyaraka iliyomo katika mkusanyiko wa LibreOffice, katika kazi za kawaida za hapa kwetu Zanzibar, yaani mihtasari ya kamati za shehia, taarifa za robo mwaka na barua za maombi. Hukumu yangu naitanguliza: kipengele hiki kinamfaa mwandishi wa nyaraka za kiofisi, ilimradi abadilishe mipangilio kabla ya kuanza kazi, lakini mwandishi wa hadithi hatopata kitu cha maana.

LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 ilipojitenga na OpenOffice.org, na ukamilishaji wa maneno ni miongoni mwa vitu ilivyorithi kutoka huko. Programu ni ya bure, haidai leseni, na kipengele hiki kinafanya kazi bila intaneti. Mipangilio yake imefichwa kidogo: unaingia kwenye menyu ya Tools, unafungua AutoCorrect Options, kisha unachagua kichupo cha Word Completion.

Writer haiji na orodha ya maneno iliyoandaliwa kwa ajili ya kazi hii. Inaokota yenyewe maneno marefu yaliyomo katika waraka, na unapoandika herufi tatu za mwanzo za neno ililokwisha kuliokota, inakuonesha neno zima. Ukilikubali unabonyeza kitufe kimoja, usipolikubali unaendelea kuandika kama kawaida. Kwa Kiswahili utaratibu huu una faida kubwa, kwani haumngojei mtu wa Berlin, yaliko makao ya taasisi inayoisimamia LibreOffice, atuandalie kamusi. Majina ya vijiji, ya watu na ya miradi yanaingia bila ya kumwomba mtu ruhusa. Ukishaandika Kizimkazi mara moja, mara ya pili herufi tatu zinatosha, jambo ambalo simu yangu, pamoja na ujanja wake wote, hadi leo inalikataa na kunipendekezea upuuzi.

Taabu inaanzia kwenye kitenzi. Programu inakisia kwa kutazama kichwa cha neno, nacho kichwa cha kitenzi cha Kiswahili ndicho kinachobadilika kila sentensi, ilhali mzizi usiobadilika umekaa nyuma. Katika taarifa moja ya mradi wa maji nilikuwa na "iliyotekelezwa", "yaliyotekelezwa", "unaotekelezwa" na "haikutekelezwa". Kwa msomaji, hiyo yote ni "tekeleza" moja. Kwa Writer ni maneno manne yasiyojuana, na kila moja lazima uliandike kamili mara ya kwanza. Hata yakishaokotwa, herufi tatu hazitoshi kuyatenganisha. Andika "wan" na utakuta wananchi, wanachama, wanafunzi, wanaendelea na wanatakiwa wamesongamana kama abiria wa daladala saa za jioni. Writer inaonesha neno moja tu kwa wakati, na ili kuyapitia mengine inakubidi ubonyeze Ctrl pamoja na Tab. Mpigachapa mwepesi atakuwa ameshalimaliza neno mwenyewe kabla hajalifikia analolitaka.

Kwenye nomino hali ni nyengine kabisa. Neno "utekelezaji" lina herufi 11, na kwa vitufe vinne limekwisha. "Mwenyekiti" ni hivyo hivyo, na "Wawakilishi" pia. Taarifa za kiofisi zimejaa nomino za namna hii, tena kuliko inavyopendeza kuzisoma, kwa hivyo mtindo ule ule tunaoulalamikia ndio unaoifanya programu ionekane na akili.

Hata hivyo, mipangilio niliyoikuta haikuwa na manufaa kwetu. Urefu mdogo kabisa wa neno la kuokotwa ulikuwa umewekwa 8, maana yake "kamati", "wizara", "shehia", "mjumbe" na "Unguja", yote yenye herufi sita, yaliachwa nje. Nimeishusha namba hiyo hadi 6. Gharama yake ni kwamba vitenzi vifupi navyo vinaingia kwenye orodha na msongamano unazidi, lakini katika muhtasari wa kikao, ambamo "mjumbe" hutajwa karibu kila mstari, nimeona biashara hiyo inalipa.

La pili ni kubwa zaidi. Kitufe cha kukubali neno huwa ni Enter, na Enter ndicho hicho hicho tunachokitumia kuanzia mstari mpya. Chukua orodha ya maeneo yaliyotembelewa, ambayo kila mstari wake una neno moja au mawili. Unaandika "skuli", unabonyeza Enter ushuke chini, na badala ya kushuka neno linageuka "skulini", kwa sababu aya iliyotangulia ilikuwa nalo. "Shehia" inageuka "shehiani" kwa njia hiyo hiyo, na "wizara" ikawa "wizarani". Lugha inayoongeza "ni" mwishoni mwa jina la mahali inautega mtego huu kila ukurasa. Dawa iko kwenye kichupo kile kile: badala ya Enter, chagua End au mshale wa kulia. Mimi nimechagua End, na tangu hapo sijasumbuliwa tena na jambo hilo; mwenye kompyuta ndogo ambayo End yake inataka kushikiliwa pamoja na kitufe chengine ni bora achague mshale.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Ukiondoa alama kwenye kisanduku kinachoamuru maneno yafutwe waraka unapofungwa, orodha itabaki na kutumika katika nyaraka nyengine, lakini inabaki hadi unapoifunga programu tu. Umeme ukikatika, na kompyuta ya mezani haina betri, orodha yote imekwenda. Njia ya kulizuia hilo ni kuyateua maneno yaliyookotwa, kuyanakili kwa Ctrl na C, kuyabandika katika waraka mpya na kuuhifadhi. Kila asubuhi unaufungua waraka huo kwanza, na Writer inayaokota maneno yote upya. Kabla ya kuuhifadhi upitie vizuri, maana programu haiulizi kamusi ya tahajia: "utekelzaji" likiandikwa hivyo mara moja linaokotwa, na baadaye linapendekezwa kwa adabu zote kana kwamba ni neno.

Kwa majina ya maneno mengi, ukamilishaji huu haufai hata kidogo, kwa kuwa unamalizia neno moja moja. Hapo kitumike kipengele cha AutoText cha programu hiyo hiyo. Unahifadhi kifungu kwa kifupisho, kisha ukiandika "smz" na kubonyeza F3 inatoka "Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar" kamili, na "wema" inatoa "Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali". Vifungu hivi havipotei programu inapofungwa. Kama ningelazimishwa kubaki na kimoja kati ya vipengele viwili hivi, ningebaki na hiki.

Nimeilinganisha pia na Notepad++, ambayo nayo ni ya bure ila ni ya Windows pekee. Yenyewe inaonesha orodha ya maneno chini ya kishale badala ya neno moja, na kwa fujo ile ya "wan" hilo ni jambo bora sana, kwani jicho linachagua haraka kuliko Ctrl na Tab. Lakini ni kihariri cha maandishi matupu: hakuna wino mzito, hakuna jedwali, na barua ya kupelekwa kwa Katibu Mkuu haiwezi kutoka humo.

Kwa steshenari yenye kompyuta kadhaa, waraka wa maneno unaweza kubebwa kwenye flashi na kuwekwa katika kila mashine. Mipangilio ya urefu na ya kitufe cha kukubali itabidi mtu aiweke kwa mkono kwenye kila moja, na afanye hivyo kabla wafanyakazi hawajaanza kuilaani programu kwa sababu ya "skulini".