Albamu ninazopimia spika, na chumba cha kuzisikilizia

Albamu iliyorekodiwa vizuri naijua kwa kitu kimoja: nikifumba macho nakisikia chumba. Nasikia upana wake na dari yake, nani kakaa karibu na maiki na nani kakaa nyuma. Hilo halitiwi baadaye kwa mashine. Hupatikana wapigaji wanapokaa pamoja, maikrofoni zikawekwa pahala pake, na fundi akajizuia asiguse mno.

Taarab nyingi inayotoka siku hizi haina chumba. Kinanda kimechomekwa moja kwa moja kwenye mikza, ngoma ni za mashine, mwimbaji kaimba peke yake na eko ikamwagwa juu ya yote. Mwishoni sauti inasukumwa mpaka vilele vyote vinakatwa, kwa sababu kazi inapimwa kwa spika kubwa za shughuli za uwanjani. Ukiipeleka nyumbani, baada ya nyimbo mbili masikio yanachoka. Naipenda taarab, ndiyo maana inaniuma.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni Chungu, ya Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara, iliyotoka katika Zanzibara, mfululizo wa albamu wa Buda Musique, kampuni ya muziki ya Ufaransa. Kundi ni dogo na ganuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, iko mbele, nayo ni ala ngumu kurekodi. Kwa kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti. Nyuzi hizo tatu hazilingani sawasawa hata ukizikaza vipi, na huko kuachana kidogo ndiko kunakoleta ule mng'aro wake. Daraja lake nalo limekalia ngozi, si mbao tupu, kwa hivyo chini ya mlio wa waya kuna pumzi kama ya kingoma. Kwenye spika nzuri utasikia kwanza mguso wa risha (kile kijiti cha kupigia nyuzi), kisha mwili wa sauti, kisha namna inavyofifia. Spika ikiwa mbovu, nyuzi tatu zinageuka bati moja na ile ngozi huisikii kabisa. Kama hujawahi kuisikia ganuni bila maiki, nenda kaisikie kwanza, pale Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Zanzibar, au kwenye mazoezi ya kikundi chochote, ukae hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji. Bila hivyo hujui unachokitafuta.

Kabla ya kuilaumu spika, angalia chumba. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kama mita 3 au pungufu, lakini virefu. Wengi wanaziegemeza spika kwenye ukuta mrefu na wao wanakaa kwenye ukuta wa pili. Hapo ndipo besi inapoharibika. Upana wa mita 3 huvimbisha sauti ya kiasi cha hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), na waya wa A wa besi kubwa ya kusimama, ukipigwa wazi, ni hezi 55. Noti hiyo inanguruma na nyengine zinabaki za kawaida. Zihamishe spika kwenye ukuta mfupi, kila moja sentimita 70 kutoka ukuta wa ubavuni na 50 kutoka ukuta wa nyuma. Ziachane mita 1.6, na wewe kaa mita 1.6 hadi 1.8 kutoka kila moja, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba viwe usawa wa masikio. Kuta za chokaa zinarudisha sauti sana. Mwambie mtu apitishe kioo kwenye ukuta wa ubavuni hali wewe umekaa: pale unapoiona spika kiooni, tundika pazia zito. Chini tandika zulia nene, mkeka hautoshi.

Kuhakikisha umefaulu, weka Buena Vista Social Club. Ilirekodiwa Havana mwaka 1996, katika studio kuukuu za EGREM, kampuni ya rekodi ya Kuba, wazee wa Kikuba wakiwa ndani ya chumba kimoja kikubwa, fundi akiwa Jerry Boys. Ifuate besi ya Cachaíto López noti kwa noti. Zote zikija kwa uzito wa karibu sawa, chumba chako kimekaa. Moja ikiruka, sogeza kiti nusu hatua mbele, kisha nyuma. Katika albamu hii sauti ya mwimbaji ina hewa pembeni yake, na ala zinavuja kidogo kwenye maiki za wenzao. Mafundi wengi huogopa kuvuja huko, lakini humu ndiko kunakoziunganisha ala.

Jerry Boys huyohuyo ndiye aliyekamata In the Heart of the Moon (2005), gitaa la Ali Farka Touré na kora (kinubi cha Afrika Magharibi) ya Toumani Diabaté, wote wa Mali, katika Hotel Mandé mjini Bamako, kando ya mto Niger. Kora ina nyuzi 21, na kwa sikio lililozoea ganuni haina ugeni. Isikilize kwa sauti ya chini, usiku, feni ikiwa imezimwa. Katikati ya noti pananyamaza kweli, na kimya hicho ndicho kinachopotea kwanza faili likibanwa.

Na mafaili ndiyo balaa letu. Wimbo uliopitishwa WhatsApp mara tatu hausemi kitu juu ya rekodi yenyewe. Faili likibanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, sauti za juu kabisa kwa kawaida hukatwa, na vibati vya rika (ile ngoma ndogo ya mkononi) vinakuwa kama mchanga unaomwagwa. Kwa kilobiti 320 saa moja inakula kama megabaiti 144 za bando, kwa 128 ni kama 58. Pakua mara moja kwa ubora wa juu penye Wi-Fi, zima ikwalaiza (kirekebisha besi na sauti za juu), na kwa kupimia tumia waya badala ya Bluetooth.

Kwa kikundi kamili cha taarab nachagua Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, katika mfululizo wa The Music of Zanzibar uliotolewa na GlobeStyle ya Uingereza miaka ya mwisho ya 1980. Fidla zinakuja kama safu ya watu, si kama ukuta. Ukipata CD ya zamani, itazame kwenye mwanga: hewa yetu ya chumvi huila kingo. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Ya mwisho ni Kind of Blue (1959) ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, iliyorekodiwa kwa kanda ya njia tatu tu. Tarumbeta iko katikati, saksafoni moja huku na nyengine kule, na bado inazishinda rekodi nyingi za leo. Ila angalia toleo. Siku ya kwanza ya kurekodi, tarehe 2 Machi, mashine kuu ya kanda ilikuwa inakwenda taratibu kuliko kawaida, hivyo vipande vitatu vya upande wa kwanza vikichezwa kwa kasi sahihi vinatoka juu kidogo. Viliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka kanda ya mashine ya akiba ilipotumika kusahihisha toleo la 1992, kisha yale ya 1997 na kuendelea. Kuijua nakala yako, kaza nyuzi za udi wako zilingane na kipande cha mwisho, halafu cheza cha kwanza. Muziki ukiwa umepanda kidogo juu ya nyuzi zako, unayo ya zamani.