Kaunta ya graniti imefifia? Hivi ndio vitu vya kununua, kuanzia cha maana zaidi

Kabla hujabeba pesa uende hadiwea, tafuta pamba na spiriti ya chemisti, ile ya kuoshea vidonda. Sugua sehemu kama ya kiganja hivi karibu na sinki, ikauke, alafu umulike kwa upande na tochi ya simu. Kama hapo pameng'aa kuliko kwingine basi jiwe lako ni zima kabisa, limefunikwa tu. Mimi ningejua hii mapema singekuwa na makopo matatu chini ya sinki yasiyo na kazi.

Huku kwetu Nakuru mambo ni vumbi na maji ya borehole, tone likikauka linaacha duara jeupe, sasa weka juu yake sabuni ambayo haikusuuzwa na mafuta ya chapati ya kila Jumapili, si unaona vile kaunta inakuwa kama kioo cha matatu asubuhi ya baridi. Graniti yenyewe ni ngumu, kisu cha kawaida hakiikwaruzi, kwa hivyo usiwalaumu watoto haraka.

Namba moja basi ni sabuni ya vyombo na vitambaa viwili vya maikrofaiba. Sabuni hata ile ya kupimiwa ni sawa, matone machache tu kwa maji ya vuguvugu, ukizidisha ndio unaongeza utando. Kitambaa cha kwanza cha kuosha, suuza, cha pili cha kukausha mpaka ukiguza ukose unyevu. Watu huruka hii ya kukausha alafu wanasema sabuni haifanyi kazi.

Namba mbili ni hiyo spiriti, changanya nusu kwa nusu na maji kwa chupa ya kupuliza. Inatoa utando ambao sabuni imeshindwa nao. Zima gesi kwanza tafadhali.

Namba tatu ni sila, na hapa ndio watu hudanganywa sana. Sila haileti mng'aro! Kazi yake ni kuzuia mafuta na maji yasiingie kwa jiwe. Dondosha maji kidogo, ngoja dakika kumi au kumi na tano, ukipangusa na upate hapo chini pamekuwa na rangi nzito, jiwe linakunywa, nunua. Kama maji yamekaa tu juu usinunue, graniti nyingi nyeusi hazihitaji. Chukua ile ya kuingia ndani ya jiwe, sio ya kukaa juu kama vanishi, na ufute yote inayobaki kabla haijakauka, la sivyo utapata ukungu mpya wa kujitengenezea.

Polishi ya mawe ya kupuliza naiweka namba nne. Ni ya siku ya wageni, inang'aa alafu inaisha.

Namba tano ni fundi mwenye padi za daimondi, zile za kusaga na kung'arisha jiwe, na iko mwisho sio kwa ubaya ila ni gharama na wengi hawaihitaji. Muite kama spiriti haikubadilisha kitu na unaona mikwaruzo kabisa. Anatakiwa aje na mashine ambayo spidi yake inaweza kupunguzwa, maji, na padi za kupanda ngazi, kutoka zile za kukwaruza za namba kama 50 ama 100 mpaka zile laini za namba 3000, bila kuruka. Akikuja na padi moja na kopo la waksi mpe chai aende. Na akisaga bila maji mkatalie, vumbi la graniti lina silika, linaharibu mapafu.

Waksi ya sakafu usiguse. Mimi nilipaka, siku tatu kaunta ilikuwa kama ya hoteli, alafu nikaweka sufuria ya ugali moto ikaacha duara, kuitoa ilinimalizia wikendi mbili. Siki, ndimu na dawa ya choo pia hapana, na steli wul inaacha vipande vinaota kutu.

Shemeji yangu wa Kisumu shida yake haikuwa mng'aro, ilikuwa madoa ya mafuta ya kukaanga samaki. Hiyo ni bekingi soda na maji iwe nzito kama uji wa kushikana, paka, funika na nailoni mpaka kesho, rudia kama doa limebaki.

Jambo lingine, kuna graniti nyeusi ambazo zimepakwa rangi kiwandani ndio zionekane nyeusi tititi. Chovya kitambaa cheupe kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni, usugue pembeni. Kikitoka cheusi, hakuna kitu kwa hii orodha kitakusaidia, tafuta risiti yako urudi kwa aliyekuuzia.