Tuisheni ya kiingereza kwa watu wazima hapa Mtwara: maoni yangu

Kwa wale mnaouliza wapi mtu mzima asome kiingereza bila kuchanganywa na watoto wa fom tuu, kuna madam anafundisha jioni kwake huku Chikongola na kwa kweli nampa sifa zote.

Siku ya kwanza hakupi chati ya tensi. Anakupa ukurasa mmoja usome kimyakimya, afu anakuuliza kwa KISWAHILI umeelewa nini. Hapo ndo utajijua. Wengi wetu primari tumesoma kwa kiswahili, kufika fom wani masomo karibu yote kiingereza tukaishia kukariri, sasa mtu anasoma kwa sauti vizuri kabisa ila ukimuuliza habari inahusu nini hana jibu. Yeye anataka umalize aya nzima kabla ya kugusa dikshenari, utafute nani anafanya na anafanya nini, maneno mengine unayakisia kwanza kutokana na yanayoyazunguka.

Grama anaitoa humohumo kwenye habari. Mfano hii -me- yetu, tunadhani kila ikitokea unaweka have au has tu, kumbe "amefika" ni has arrived sawa, lakini "amelala" kama bado yupo kitandani ni is sleeping, na "amefika jana" kwa kiingereza inakuwa arrived yesterday, has haikai hapo. Jamani miaka yote shuleni hakuna aliyenifafanulia hivyo! Na he na she pia, kwa sababu sisi "anakuja" ni huyohuyo mwanaume au mwanamke, anakurekebisha taratibu bila kukuaibisha mbele za watu, na kwa mtu mwenye wajukuu hilo ni kubwa sana.

Kasoro ipo, kuongea ni kidogo mno, kama shida yako ni kuongea na wageni mwambie mapema. Na msimu wa korosho darasa linapungua maana watu wanaenda mashambani Newala na Tandahimba, ila vipindi ulivyokosa anavifidia. Wa QT (mtihani wa maarifa, kwa wanaotaka kufanya wa fom foo bila kupitia shule ya kawaida) wanafaa pia, tena wawahi wasisubiri mtihani ukaribie.

Malipo ni kwa mwezi, nusunusu anapokea. Ukienda beba karatasi yoyote ya kiingereza inayokusumbua kazini, barua, mkataba, maelezo ya mashine, anapenda kuanzia hapo.