Arachnocampa: Mycetophilidae au Keroplatidae?

Ukiingia mapango ya Waitomo, New Zealand, dari inametameta kama anga lenye nyota. Wanaowaka ni mabuu wa usubi wa uyoga, jenasi Arachnocampa. Zamani walihesabiwa katika familia ya wadudu iitwayo Mycetophilidae, kapu kubwa lililobeba karibu usubi wote wa uyoga. Siku hizi huwekwa katika familia nyingine, Keroplatidae. Kwangu, hii ya pili ndiyo yenye mashiko. Mabuu wa Mycetophilidae wengi hula kuvu. Huyu wa Waitomo huning'iniza nyuzi zenye matone ya ute unaonata, huwasha taa yake mkiani, kisha huvuta windo juu na kulila. Kufuma nyuzi za namna hiyo ni desturi ya Keroplatidae. Hata jina la jenasi, la mwaka 1924, linamtaja buibui.